Chumba Hakifuliwi

3 Aprili

Cheche, mwanangu,

Mwandiko ukiuona umepinda usishtuke, sijaugua. Naandikia gotini kwa sababu meza imejaa vitambaa. Mimi mzima, ni hili goti tu linalonisema kila nikipanda ngazi. Baba yako alipita hapa wiki jana, ameng'oa jino na kwa mara ya kwanza maishani kaka yangu amekaa saa nzima bila kunibishia. Paka amezaa tena, kwenye kikapu cha mabaki ya vitambaa. Watoto wanne, wote wana sura ya kudai kitu.

Ijumaa ilikuwa siku yangu ya mwisho kiwandani. Miaka thelathini na nane ya kukata sare za shule. Wakanipigia makofi, wakanipa saa ya ukutani. Unamstaafisha mtu halafu unampa saa, awahi wapi?

Sasa nikueleze kilichonifanya nishike kalamu. Rafiki yangu Nesi, yule aliyekuchoma sindano ukamng'ata, ana nyumba ndogo uani kwake. Vyumba viwili, hakuna ngazi, bomba liko mlangoni. Mpangaji wake anahama na amesema atanishikia mpaka mwisho wa Julai. Hii yangu anaitaka mwalimu mmoja mwenye watoto watano. Nami hapa nina vyumba vinne juu, nalala kimoja, vitatu naingia kufuta vumbi tu.

Nimesikia unatengeneza samani. Nimesikia kwa watu. Basi kama ni kweli, nisaidie kwa hilo. Kuna vitu vitatu ambavyo kule kwa Nesi lazima vikae ukuta mmoja, ule wenye mwanga wa dirisha, la sivyo siwezi kushona: meza yangu ya kukatia, cherehani, na kabati la vitambaa. Ukuta una futi kumi na tatu na nusu. Meza ni futi sita na inchi nne. Cherehani futi tatu na inchi nne. Kabati futi nne na inchi nne. Vipimo vya vyumba na vya vitu vingine nimeandika nyuma ya karatasi. Niambie vitaenea au havienei.

Usinipigie simu. Mimi na wewe kwenye simu, dakika ya pili mmoja ameshakata. Barua haikatiki.

Shangazi yako


12 Aprili

Shangazi! Shikamoo! Shikamoo tena, hiyo ya pili ni ya kustaafu!

Barua nimeisoma mara nne nimesimama, ya tano nikaketi, ya sita nikamsomea Mzee Randa. Huyu ndiye ninayegawana naye karakana, upande wake na upande wangu, katikati tumechora mstari wa chaki. Jina nimempa mimi. Anapiga randa kutwa na anazungumza na mbao. "Tulia, tulia, mama, karibu namaliza," anauambia ubao! Aliposikia habari ya saa ya ukutani alicheka mpaka akapoteza penseli, na penseli ilikuwa sikioni kwake.

Ndiyo, natengeneza samani. Waliokwambia hawakukosea. Viti, vitanda, na sasa nina oda ya madawati arobaini ya shule. Hakuna aliyenifundisha, nilichungulia. Nilisimama kwenye milango ya mafundi mpaka wakachoka kunifukuza, na nina kitabu kimoja cha useremala kisicho na kurasa kumi za mwanzo, kwa hiyo mimi nilianzia katikati.

Haya, kazi! Nimekukatia nyumba yote kwa kadi ngumu. Inchi moja ni futi moja. Sakafu ni ile karatasi kubwa iliyokunjwa, vile vipande ni vitu vyako, kila kimoja nimekiandika jina. Kabati, meza, cherehani, kitanda chako, viti viwili, mpaka ndoo. Zitandaze mezani uzisogeze. Usipige chafya karibu!

Ila habari si nzuri. Ule ukuta wa dirisha unakataa. Vitu vitatu pamoja ni futi kumi na nne, ukuta kumi na tatu na nusu. Tumepungukiwa nusu futi. Nimegeuza, nimepindua, nimelala kifudifudi sakafuni nikachungulia kwa jicho moja. Nusu futi, Shangazi! Kiganja na vidole!

Lakini nina dawa. Tunakata meza. Upande mmoja tu, naupiga msumeno, narudisha mguu ndani, hutajua. Umpe fundi yeyote wa huko barua hii, ataelewa. Ningekuja mwenyewe kupima, ila si unajua, madawati.

Wako, Cheche


2 Mei

Cheche,

Marahaba zote. Watoto wa paka wamefumbua macho, wawili wana wenyewe tayari. Goti liko vilevile. Saa nimeitundika jikoni, inakimbia dakika saba mbele, nadhani nayo inataka kustaafu.

Meza haikatwi.

Ile meza nimeikatia sare za watoto ambao sasa wana wajukuu. Na chini yake uliishi wewe. Ulipoletwa kwangu una miaka sita ulijifunika shuka chini ya ile meza, ukasema hiyo ni nyumba yako na mimi nipige hodi. Nikapiga hodi mwezi mzima. Leo unaniambia msumeno.

Vipande vyako nimevitandaza. Vizuri. Mstari umenyooka, pembe zimetulia, ungekuwa kiwandani ningekuweka meza ya kwanza. Ni kweli vitu havienei. Basi, Mungu hakupanga. Nitamwambia Nesi aitafutie ile nyumba mtu mwingine, mimi nitapanda ngazi zangu polepole mpaka zitakaponichoka.

Halafu neno moja. Umekata kitanda changu, umekata viti, umekata ndoo. Nimevihesabu mara mbili. Kitanda chako hakimo.

Shangazi


9 Mei

Shangazi, shikamoo.

Mimi mzima. Madawati yanaendelea. Mzee Randa anakusalimu.

Kitanda changu mwachie mwalimu. Ana watoto watano, watalala humo watatu. Miaka mitatu sijakilalia, sasa kikatwe kwenye kadi cha nini? Na kile chumba wape, na pazia wape, na zile daftari za chuo wape wakawashie moto.

Unataka niseme? Nasema. Siku nilipokwambia nimeacha chuo, ukarani haunitoshi, nataka mbao, ulisema hivi, nakumbuka mpaka ulikuwa umeshika nini mkononi, ulishika mkasi: "Kiti utakachotengeneza wewe hakuna mtu atakayekikalia." Kesho yake niliondoka. Sasa nakukatia nyumba nzima kwa kadi, unaniambia pembe zimetulia, na papo hapo unaniambia basi, haienei, Mungu hakupanga. Mungu hajashika tepu, Shangazi! Wewe ulikuwa unatafuta sababu ya kubaki na mimi nimekupatia. Hongera kwangu.

Baki na meza yako. Ngazi kumi na nne hizo. Nilizihesabu nikishuka.

Cheche


11 Juni

Shangazi yangu, shikamoo, na kabla hujaichana hii barua soma mpaka katikati!

Mwezi umepita hujajibu. Kila gari la vifurushi likija nasimama. Mzee Randa ameniambia, "Mtu akimwambia mkubwa wake maneno ya moto, maji ayachote mwenyewe." Haya, nimekuja na ndoo. Hesabu ya ngazi haikuwa na adabu. Ilikuwa kweli lakini haikuwa na adabu. Nisamehe.

Sasa sikiliza, sikiliza! Jana nimepeleka kiti kwa mama mmoja mshonaji hapa mtaa wa pili. Ana cherehani ya miguu, ndugu mmoja na yako, kiwanda kilekile, ule ule mguu wa chuma wenye maua. Mkono wangu ukawasha. Nikatoa tepu, nikaipima. Futi tatu. Nikapima tena. Futi tatu kamili, hakuna inchi hata ya dawa!

Yako umeandika futi tatu na inchi nne. Shangazi, cherehani hainenepi!

Nikarudi mbio, nikachomoa barua yako. Meza futi sita na inchi nne. Cherehani futi tatu na inchi nne. Kabati futi nne na inchi nne. Kitanda, inchi nne. Kiti, inchi nne. Ndoo! Ndoo yenye inchi nne za ziada, ndoo ya kunyweshea tembo! Kila kitu kina inchi nne zile zile, mbili huku, mbili huku. Nikamwambia Mzee Randa, akasema, "Mwanangu, huyo shangazi yako hakupima kabati. Amelishonea."

Ndivyo au sivyo? Uliongeza nafasi ya mwili? Ulipima kabati kama mteja, ukaliachia pumzi?

Sitaki kukuuliza kwa nini. Nataka kujua kitu kimoja tu: je, na ukuta ulifanyaje?

Wako anayesubiri kama mtu aliyekalia misumari,
Cheche


20 Juni

Cheche, mwanangu,

Marahaba. Tumshukuru Mungu tuko wazima. Watoto wa paka wote wamepata makwao isipokuwa mmoja, huyo amekataa kuondoka, na mama yake amekataa kumfukuza. Baba yako ana meno mapya, ubishi umerudi wote.

Sikunyamaza kwa hasira. Siku mbili za kwanza, ndiyo. Baadaye nilinyamaza kwa sababu kila nikianza kukujibu naona umesema kweli, na kweli ikitoka kwa mtoto inachelewa kumezwa.

Barua yako ya mwisho ilipofika nilikwenda kwa Nesi siku hiyo hiyo. Nikamshikisha ncha ya tepu. Akauliza, "Tunapima nini, si ulishapima?" Nikamsomea ulichoandika, mpaka kwenye ndoo. Alicheka akaketi sakafuni, ikabidi nimwinue, na mwenye goti bovu ni mimi.

Miaka thelathini na nane nimekata nguo za watoto. Mtoto humshonei nguo ya leo, unamshonea ya mwakani, maana anakua ukimtazama. Kwa hiyo mkono wangu ukigusa kitu, unaongeza inchi mbili kila upande bila kuniuliza. Na kitambaa ni kinyume chake. Kitambaa unakihesabu pungufu, kwa sababu kikifuliwa kinarudi, kinakuwa kifupi. Ule ukuta niliutazama kama jora, nikaukata inchi tatu huku na tatu huku, kwa ajili ya kurudi. Ukuta una futi kumi na nne. Nesi ni shahidi.

Unasema hutaki kuuliza kwa nini. Vizuri, usiulize. Mkono ulikuwa na mazoea yake. Na mwenye mkono labda hakuwa na haraka ya kuusahihisha.

Nyumba sijaikataa. Nilikwambia nitamwambia Nesi. Sikumwambia.

Humu ndani ya bahasha kuna kipande cha kadi, nimekikata mwenyewe kwa mkasi wangu wa kazi. Inchi sita kwa mbili na nusu. Ni kitanda cha mtu mmoja. Nimekipeleka pembe zote za karatasi yako, hakipati pa kukaa. Chumbani hakiingii, sebuleni kinaziba mlango, jikoni kinamkanyaga paka. Nimeshindwa. Wewe ndiye fundi.

Shangazi yako


28 Juni

SHANGAZI!

Shikamoo na nimeimba leo mpaka Mzee Randa ameziba masikio kwa vumbi la mbao!

Chumba hakifuliwi, Shangazi! Chumba hakirudi! Hata ukikipiga deki kila siku kwa maji ya moto kitabaki futi kumi na nne! Nimeandika maneno hayo kwa chaki mlangoni, wateja wanauliza maana yake.

Sasa tazama. Meza sita, cherehani tatu, kabati nne. Kumi na tatu. Ukuta kumi na nne. Inabaki futi moja nzima, pale kati ya kabati na pembe. Kile kitanda chako cha kadi ulikuwa unakilaza, ndiyo maana hakikupata mahali. Nimekikunja katikati. Nimekisimamisha. Nimekisukuma pale kwenye pengo. KIMEINGIA. Kimeingia kama mkono mfukoni!

Nitatengeneza cha kukunja. Bawaba mbili kati, miguu inayojifunga yenyewe, kikikunjwa unene wake inchi kumi. Nimeshachora, nimeshakosea, nimeshachora upya. Kitakuwa cha wageni. Si unajua, wageni huwa wanakuja.

Meza haiguswi na msumeno. Itatoka mlangoni kwako kwa ubavu, miguu mbele. Lakini usimpe fundi mwingine kazi hiyo, wataichubua. Nitakuja mwenyewe. Tarehe ishirini na sita Julai, na gari la mbao linaloleta mizigo huko, dereva amekubali kutubeba mimi na kitanda. Siku mbili tu. Madawati hayajaisha.

Umeandika "wewe ndiye fundi." Nimeikata ile sehemu ya karatasi. Usiulize nimeiweka wapi.

Cheche

Nyongeza: nitakuja na tepu ya chuma. Ya kwako iweke mbali.


10 Agosti

Mwanangu Cheche,

Natumaini ulifika salama na mgongo haukukusumbua baada ya kabati. Huku kwema. Mwalimu ameshaingia kule juu, jana nimepita nikasikia watoto wakishuka ngazi zote kumi na nne kwa makalio. Ngazi zimepata wanaoziweza. Paka na mwanawe walirudi kule mara mbili, mara ya tatu wakakubali yaishe. Nesi ananigongea ukuta asubuhi, nami namgongea, ndiyo salamu yetu. Saa ameirekebisha, akasema hapa kwake watu hawakimbii.

Meza imetulia. Kila anayeingia anauliza ilipitaje mlangoni. Nawaambia ilizaliwa humu.

Siku mbili ulizokaa tulizungumza habari za misumari tu. Misumari, na bawaba, na "inua upande wako, Shangazi". Uliponiaga nilikuwa na neno mdomoni, dereva akapiga honi, nikakwambia usisahau chupa ya maji. Ndilo neno lililotoka. Lile lenyewe likabaki, na nimekaa nalo siku kumi na tatu.

Jumapili Nesi alikuja na dada zake wawili. Viti ni viwili, wamevikalia dada zake. Nikakivuta kitanda chako pale pembeni, kikafunguka chenyewe, miguu ikajifunga tak tak kama ulivyonionyesha. Nesi akasita, akaniuliza, "Kitatubeba?" Nikakaa mimi kwanza. Nikakaa na uzito wangu wote na uzee wangu wote. Naye akakaa. Tumekalia kitanda chako kutoka saa nane mpaka jua limeshuka kwenye dirisha, tumekunywa chai birika mbili, tumewasengenya walio hai na wafu. Hakikulia hata mara moja, Cheche. Hakikutikisika.

Yale maneno niliyosema nimeshika mkasi, niliyasema kwa sababu niliona unaondoka na sikujua namna nyingine ya kukushika. Nilikosa. Nimekaa, nimeona.

Usiniambie tena ni cha wageni. Wageni nimewapeleka kwenye viti.

Nimekukatia shuka la kitanda chako, la bluu, kitambaa kizito. Nimelipima juu ya kitanda chenyewe. Kisha nimeongeza inchi mbili kila upande, na usinifundishe kazi. Madawati yakiisha, njoo ulale.

Shangazi yako